Noti Moja, Darasa Zima

Wadogo zangu, leo naweka kando maswali ya wachumba na mawifi, mtaniwia radhi, kwa sababu kuna barua imenikaa moyoni. Imeandikwa na mwalimu kijana anayefundisha uhasibu wa biashara ndogo katika chuo kimoja cha kibinafsi huku Westlands, Nairobi. Muhula huu, anasema, darasani ana kijana asiyeona anayetumia simu inayomsomea kwa sauti. Ana binti kiziwi anayekuja na mkalimani siku mbili tu kwa wiki. Ana dada mwenye ualbino anayekaa mstari wa mbele na bado haoni ubao vizuri. Ana kijana aliyekulia Bukavu, Kiswahili anacho, Kifaransa anacho zaidi, lakini Kiingereza cha kitabuni kinamshinda. Halafu wako wengine, ambao yeye amewaita "wa kawaida". Swali lake ni hili: "Dada, mimi ni mtu mmoja. Nitaandika noti za aina ngapi?"

Za aina moja, mdogo wangu. Ila uziandike vizuri tangu mwanzo, ili huyu aweze kuzisikiliza, yule azikuze kwenye skrini, mwingine azichapishe, na mwingine azisome ndani ya matatu akirudi nyumbani. Fundi cherehani akishamaliza suruali, kumwambia aongeze mfuko ni kumrudisha kwenye mshono. Mfuko huo angeuweka bila taabu kama angeambiwa wakati wa kukata kitambaa. Kazi yako ya noti ni hivyo hivyo, na ndiyo maana nataka tuongee kabla hujaanza mada ya muhula ujao.

Nianze na hao wa kawaida, maana ndio wanaosahaulika zaidi. Simama steji ya Westlands saa moja asubuhi uone nani anashuka. Wapo wa kutoka Kangemi, Uthiru na Kikuyu wanaokuja na Waiyaki Way, wapo wa Highridge na Parklands wanaokuja kwa miguu. Mlinzi aliyekesha getini usiku kucha anapitia darasani kabla ya kwenda kulala. Msichana wa duka pale Sarit ana saa mbili tu kabla zamu yake ianze. Mama ana mtoto mgongoni na simu anayoazimana na mumewe. Na katikati yao, nakuhakikishia, yuko mtu ambaye tangu darasa la kwanza herufi humrukaruka machoni, akaitwa mvivu mpaka akakubali, na hakuna aliyewahi kumtajia neno disleksia.

Sensa ya 2019 ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka 5 na kuendelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote ni kama asilimia 16, watu bilioni 1.3. Mimi siamini kwamba nchi yetu ina watu wachache kiasi hicho. Mtu akiulizwa mlangoni, mbele ya familia na majirani, kama ana tatizo la kusikia au kukumbuka, mara nyingi hujibu hapana na maisha yanaendelea. Kwa hiyo usisubiri mwanafunzi akuletee kadi ya ulemavu au barua ya daktari ndipo uanze kufikiri. Wengi hawatakuletea chochote. Watanyamaza, watashindwa, wataacha chuo, na wewe utaandika "hakuhudhuria".

Na usije ukafikiri ninakuomba ufadhili. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na taarifa, haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa, na haki ya vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kifungu cha 7, kile kile kinachokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kinaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na breli. Mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu badala ya ile ya 2003, na mswada wake uliletwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Hata tovuti na programu za simu zina kiwango chao, KS 2952, kilichotolewa mwaka 2022. Mkuu wa chuo akikuambia haya ni mambo ya Ulaya, mjibu kwa heshima kwamba ni ya hapa hapa. Ofisi za Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ziko kando ya barabara hii hii ya Waiyaki Way, katika kiwanja cha Kabete Orthopaedic.

Sasa tuzifungue noti zako.

Umeniambia huwa unapiga picha kurasa za kitabu kwa simu, unaziunganisha kuwa PDF moja, kisha unazirusha kwenye grupu la WhatsApp usiku kabla ya kipindi. Mwenye macho mazima anaona maandishi. Simu ya yule kijana asiyeona haioni kitu. TalkBack, programu inayosoma skrini katika simu za Android, inahitaji herufi halisi. Ukiipa picha ya ukurasa, mara nyingi itatamka kwamba hapa pana picha, au inyamaze kabisa. Fikiria kurasa arobaini za kimya usiku kabla ya mtihani. Kujua noti zako ziko upande gani ni rahisi: weka kidole juu ya neno moja ulishikilie. Neno likichaguka, hayo ni maandishi. Lisipochaguka, umetuma picha.

Dawa ya kwanza ni kuandika upya kwa maneno yako mwenyewe, na kwa kweli ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mwalimu anayeandika upya hufundisha vizuri zaidi. Kama muda hautoshi, iweke picha kwenye Google Drive uifungue kama waraka wa Google Docs, nayo itajaribu kuyatoa maandishi. Kisha ukae uyasome yote. Mashine hupenda kugeuza 8 kuwa B na sufuri kuwa O, na katika somo la hesabu za fedha kosa hilo linamharibia mtu mizania nzima.

Hapo hapo niseme jambo kuhusu kitabu cha watu. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unaofungua njia ya kutengeneza nakala za breli, za sauti au za kidijitali kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa, bila kukwamishwa na hakimiliki. Ni ushindi mkubwa, na shule nyingi hazijui kwamba upo. Lakini unamhusu yule kijana wako. Haukupi ruhusa ya kulirushia darasa zima kitabu cha mwandishi bila malipo.

Ukishakuwa na maandishi halisi, yape mpangilio. Wengi wetu tukitaka kichwa cha habari tunakoleza wino na kuongeza ukubwa, basi. Jicho linaridhika, lakini programu ya kusoma skrini inaona sentensi nyingine tu yenye wino mzito. Nenda kwenye mitindo ya Word au Google Docs uchague Heading 1 kwa mada kuu na Heading 2 kwa vijisehemu. Baada ya hapo anayesikiliza anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha macho ukitafuta ukurasa. Bila vichwa hivyo atalazimika kusikiliza noti zote tangu neno la kwanza kila anapotaka kurudia sehemu ya madeni. Faida inawafikia wengine pia: yaliyomo hujipanga yenyewe, na yule mlinzi mwenye usingizi anapata haraka alipoachia.

Kuna jambo ambalo hata mabingwa wa kompyuta hulisahau, nalo ni lugha ya waraka. Kompyuta nyingi za Nairobi zimepangwa kwa Kiingereza. Ukiandika noti za Kiswahili bila kubadilisha mpangilio huo, sauti ya Kiingereza inaweza kuanza kusoma Kiswahili, na kitakachotoka hakuna Mswahili atakayekitambua. Chagua maandishi yote, nenda kwenye mipangilio ya lugha, weka Kiswahili. Kama kuna aya ya Kiingereza ndani yake, iwekee Kiingereza peke yake. Sauti za Kiswahili zipo: Google wana yao kwenye simu, na eSpeak NG, inayokuja na programu ya NVDA kwenye kompyuta, inasoma Kiswahili pia. NVDA hailipiwi hata shilingi. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, waliochoka kuona programu za namna hiyo zikiuzwa bei ambayo wenye kuzihitaji hawaimudu. Mwombe fundi wa chuo aiweke kwenye kompyuta moja ya maabara. Kisha uvae vipokea sauti, ufumbe macho, usikilize noti zako mwenyewe tangu mwanzo. Hakuna semina itakayokufunza zaidi ya zoezi hilo.

Uhasibu una majedwali, na majedwali ndiyo yatakayomsumbua kijana wako kuliko kitu kingine. Programu hupita seli baada ya seli, safu baada ya safu. Ukiunganisha seli mbili juu ili jedwali lipendeze, au ukiacha seli tupu kuonyesha kwamba siku hiyo hakukuwa na mauzo, anayesikiliza hupotea asijue tarakimu hii ni ya Jumanne au ya Jumatano. Weka safu moja ya vichwa juu. Pasipo na kitu andika sufuri. Jedwali likiwa kubwa ligawe mawili. Na kabla ya jedwali andika sentensi moja inayosema ndani yake mna nini: "Jedwali hili linaonyesha pesa zilizoingia na kutoka dukani kwa siku saba, na siku mbili duka lilipata hasara." Anayeona ataelewa upesi zaidi, na asiyeona atajua anatafuta nini.

Hasara hiyo usiionyeshe kwa wino mwekundu peke yake. Kuna watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao nyekundu na kijani kwao hukaribiana sana. Na wengi huchapisha noti kwenye saiba kwa wino mweusi, kwa sababu kopi ya rangi ni ghali. Andika neno hasara au weka alama ya kutoa, kisha ukipenda kupaka rangi, paka.

Picha na grafu nazo zina sauti yake. Ukiweka grafu ya mauzo na kwenye sehemu ya maelezo ya picha ukaandika "grafu", hujasema kitu. Andika kile ambacho ungetaka mwanafunzi akione: "Mauzo ya unga yalipanda kutoka Januari hadi Machi, yakashuka Aprili, na hayajarudi juu." Hiyo ndiyo grafu yako, kwa maneno. Kama picha ni pambo tu, watu wanaotabasamu mbele ya kompyuta, iache. Inakula bando na haifundishi.

Tumgeukie dada mwenye ualbino. Sensa hiyo ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo kumweka mbele karibu na dirisha la jua kunaweza kuwa adhabu. Muulize ni wapi panamfaa. Slaidi mtumie kabla ya kipindi, azifungue kwenye simu yake, akuze kadiri anavyotaka, abadilishe mandhari iwe nyeusi kama ndivyo macho yake yanavyopenda. Hapa tena faili ya Word inaishinda PDF: ukiikuza kwenye simu, maandishi yanaweza kujipanga upya ndani ya skrini, wakati ukurasa wa PDF unamlazimu kusukuma kushoto na kulia kila mstari. Na tafadhali achana na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, yale ambayo wabunifu wanayaona ya kisasa. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka mng'ao wa maandishi na wa usuli utofautiane angalau kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na kwenye projekta hafifu ya chuo, katika chumba kisicho na pazia, ningetaka uzidi hapo. Nyeusi juu ya nyeupe haijawahi kumwangusha mtu mtihani.

Kwa binti kiziwi nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo walimu wema hukosea zaidi huku wakidhani wanasaidia.

Kwanza, Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Haifuati Kiswahili neno kwa neno, wala Kiingereza. Kwa viziwi wengi, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu. Kwa hiyo kumpa kitabu kizima na kumwambia "wewe soma tu" ni kumwachia mzigo wa lugha na mzigo wa somo kwa pamoja. Sentensi fupi zinamsaidia. Neno moja kwa jambo moja linamsaidia: ukiamua kusema "mdai", usibadilishe ukasema "mkopeshaji" ukurasa unaofuata kwa ajili ya kupamba.

Pili, mkalimani si mhasibu. Akikutana na "uchakavu wa mali" kwa mara ya kwanza mbele ya darasa, atababaika, na kubabaika kwake kutamfikia binti kama mashimo katika somo. Siku chache kabla, watumie wote wawili noti na orodha ya istilahi za mada hiyo, ili wakubaliane ni ishara gani watatumia. Darasani mkalimani awe mahali penye mwanga, karibu nawe, ili binti asigeuze shingo kama anayetazama mpira. Usiongee ukiwa umeupa ubao sura na darasa mgongo. Ukionyesha jedwali, nyamaza kidogo: hawezi kutazama jedwali na mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja. Na unapouliza swali hesabu pumzi kadhaa kabla ya kumchagua wa kujibu, kwa sababu swali linamfikia baada ya wengine.

Zile siku tatu ambazo mkalimani hayupo zinanisikitisha, na nataka uzipeleke kwa uongozi kwa maandishi, sio kwa mdomo koridoni. Siku hizo noti zako ndizo zinazobeba kipindi chote. Ukirekodi video, iwekee manukuu. YouTube huweza kutengeneza manukuu yenyewe, lakini Kiswahili chetu cha Nairobi, chenye Kiingereza na Sheng ndani yake, huyasumbua sana. Pitia mstari kwa mstari ukarekebishe kabla hujawapa wanafunzi. Na msichana huyo asidhani njia imefungwa mbele yake: Profesa Michael Ndurumo, aliyepoteza usikivu utotoni, alipata shahada ya uzamifu Marekani na kufundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtaje darasani siku moja, mbele ya wote.

Kijana wa Bukavu hana ulemavu wowote, na bado yuko nje ya mlango kama wenzake. Kwake nakuomba ukurasa mmoja tu mwishoni mwa kila mada: istilahi kumi au kumi na tano kwa Kiingereza cha mtihani, na maana yake kwa Kiswahili chepesi. Utashangaa ni wangapi waliozaliwa hapa hapa Kenya watakaoung'ang'ania ukurasa huo. Angalia na mifano yako. Kama kila mfanyabiashara kitabuni ni mwanamume mwenye kampuni na gari, yule mama mwenye mtoto mgongoni atafikiri hesabu hizi ni za watu wengine. Fanya hesabu ya kibanda cha mboga Kangemi, ya duka la vitambaa la Parklands, ya fundi wa viatu anayetumia kiti cha magurudumu na kuwalipa wasaidizi wawili. Mtie mwenye ulemavu kwenye mfano akiwa mwenye biashara, asiwe kila mara wa kuchangiwa.

Kuhusu bando sitasema mengi, mnalijua. Waraka wa maandishi matupu ni mwepesi kuliko picha moja ya simu. Tuma huo kwanza. Rekodi ya sauti fupi ya maelezo yako ni nyepesi kuliko video, na inamfaa msichana wa Sarit akiwa njiani. Weka nakala chache zilizochapishwa ofisini kwa asiye na simu janja, na kwa siku stima inapopotea.

Mtihani je? Jiulize unapima nini. Kama unapima uwezo wa kusawazisha hesabu, basi kasi ya kusoma karatasi si sehemu ya alama. Baraza la Mitihani la Kenya lenyewe hutoa karatasi za breli na za maandishi makubwa na huongeza muda kwa wanaostahili, kwa hiyo chuo chako hakiwezi kusema hilo ni kudanganya. Jaribio la mtandaoni lenye saa inayohesabu kurudi nyuma liondolee saa hiyo au ongeza muda. Kijana asiyeona anaweza kujibu kwenye kompyuta yenye NVDA, maswali yale yale, ugumu ule ule. Usimpe maswali rahisi kwa huruma. Akimaliza na cheti chepesi, mwajiri atakuja kumweleza ukweli kwa ukali kuliko wewe.

Na haya yote, mdogo wangu, yataharibika kama hujaongea nao. Usiandike kwenye grupu "wenye shida maalum wanione". Hakuna atakayekuja, na wote watajua unamsema nani. Wiki ya kwanza andikia darasa zima: kama kuna njia fulani inayokusaidia kujifunza vizuri, niambie kwa faragha. Kisha msikilize anayekuja. Usidhani kila asiyeona anasoma breli, wala kila kiziwi anasoma midomo. Anayekuambia "mimi sauti inanitosha" mwamini. Anayetaka breli, mtafutie.

Kumtafutia si kazi ya kukata tamaa. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ilianzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, na inafundisha walimu. Kilimanjaro Blind Trust Africa imekuwa ikisambaza kifaa kinachoitwa Orbit Reader 20, kidogo cha kubeba mkononi, chenye seli 20 za breli zinazopanda na kushuka chini ya vidole. Ukikitilia faili ya maandishi ya kawaida, kinaisoma. Unaona sasa kwa nini nimekusumbua kuhusu maandishi halisi. Shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 kuweka maabara za kompyuta kwa wanafunzi wasioona, na kule Thika School for the Blind, shule iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, wamepita vijana wanaoijua kompyuta kuliko mimi na wewe. Ukipata mmoja wao, mlipe saa zake akukague noti. Nimesema mlipe. Ujuzi wake ni kazi kama kazi nyingine. eKitabu wao hutengeneza vitabu vya kidijitali vinavyofikika, na kupitia mradi wao wa Studio KSL wametoa hadithi za video katika lugha ya ishara, zilizofanywa na viziwi wenyewe. Ni za watoto, lakini zitazame uone ukurasa unavyoweza kusomeka kwa mikono.

Najua mshahara wako, na najua una madarasa manne. Sitaki urekebishe noti za muhula mzima wikendi hii. Utachoka Jumamosi na Jumapili utarudi kwenye picha za simu. Chukua mada moja, ile ya leja, kwa sababu ndiyo wanayoanguka zaidi. Iandike upya, vichwa, lugha, majedwali, maelezo ya grafu, ukurasa wa istilahi. Mpe kijana asiyeona na binti kiziwi waisome kabla ya wengine, na wakuambie palipowakwaza. Ukishazoea, mada ya pili itakuchukua nusu ya muda, na muhula ujao noti zitakuwa tayari, zikikusubiri wewe kuongeza tu.

Na ninyi wengine mnaonisoma, mlio wanafunzi: kama noti za mwalimu wako hazikufikii, usimeze kimya. Mwandikie, umwambie ni nini hasa kinachokuzuia na ni nini kingekusaidia, na utume nakala moja kwa mkuu wa idara. Mwalimu akikaa kimya wiki mbili, peleka barua hiyo kwa Baraza la Watu Wenye Ulemavu, pale Waiyaki Way, halafu niandikie mimi ulivyojibiwa.